Mgongo wa Kinyago cha Mama

Mpendwa baba,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia hata sasa, ile ndefu ya kuvuta, uliyozoea kuitoa bila kuinua macho kwenye kazi. Sisi tupo. Mama yupo, mimi nipo, nyumba ipo ingawa bati la upande wa jikoni limeanza kuvuja. Korosho za msimu huu si haba. Nimetanguliza mazuri kwa makusudi, maana nikianza na mengine nitaonekana mlalamishi kabla sijafika mbali.

Nimechoka, baba. Nakuambia wewe kwa sababu ndiye pekee ambaye hatanijibu nikapumzike. Asubuhi ni matone ya macho ya mama, kisha shule, kisha uji wake, kisha madaftari ya watoto ya kusahihisha, kisha matone tena. Daktari wa Lindi mjini alisema ni presha ya macho, na hakuzungusha maneno: uoni uliokwisha kupotea haurudi, matone ni ya kulinda uliobaki. Uliobaki ni mdogo. Mama anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Ukimwekea sahani anauona wali, mboga iliyo pembeni haioni, halafu analalamika kwa majirani kwamba namlisha wali mkavu. Juzi miguu ilimgomea, nikambeba mgongoni mpaka uani. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani. Njia nzima alikuwa ananigombeza kwamba natembea kwa kurukaruka.

Lakini sikukaa chini nikusimulie matone. Nimekaa kwa sababu ya kinyago, na unakijua ninachokisema.

Ulipokichonga nilikuwa bado mtoto wa kubebwa, kwa hiyo mambo yake nayajua kwa kusimuliwa. Ninyi wawili mliyasimulia mara nyingi kiasi kwamba naona kama nilikuwepo na akili zangu. Gogo la mpingo lilitoka msitu wa Kikole. Ulilihifadhi chini ya kitanda likauke polepole lisije likapasuka, na mama akasema amechoka kulala na mgeni asiyelipa. Lilipokauka ukaanza kumfuata mama kwa macho kila alikokwenda hapa uani.

"Simama hapo hapo, mke wangu."

"Nisimame, ugali utajisonga?"

"Mtoto amelalia shavu gani?"

"Njoo umbebe wewe, ndiyo utajua."

Ukaanzia mgongoni, kama kawaida yako. Wenzako walianza na uso kwa sababu mteja hutazama uso. Wewe ulisema uso unamchongea mteja, mgongo unajichongea mwenyewe. Neno hilo lilituingia sote mpaka likawa tabia ya nyumba. Hatujui kununua kitu bila kukigeuza. Mama akipewa kitambaa cha kudarizi hukitazama upande wa mafundo kwanza. Hata sahani dukani tunaigeuza, na wenye maduka wanatutazama kama wezi. Nilipoolewa, mama mkwe wangu alinikuta nimegeuza picha ya ukutani kwake nione nyuma kuna nini, na nadhani hakunisamehe mpaka ndoa yenyewe ilipokwisha.

Mpingo una moyo mweusi, na juu ya moyo kuna tabaka jeupe ambalo wachongaji wengi hulitupa. Wewe ulilibakiza kiunoni, likawa mbeleko. Mama mweusi, mbeleko nyeupe imefungwa fundo kifuani, shavuni chale zake mbili, na pembeni ya kiuno miguu yangu imechomoza, mmoja huku na mmoja kule. Kwenye mguu wa kushoto hukusahau kidole changu cha mwisho kilichompanda mwenzake. Kwa mbele nilikuwa miguu tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nyuma.

Kilikaa karibu na mlango. Kisha ukaja ule mwaka ambao muhogo ulikauka mashambani, na nilikuwa ndiyo kwanza natembea bila kuanguka. Akaja mfanyabiashara na gari lake. Mama alikuwa shambani. Aliporudi akakuta alama ya duara kwenye sakafu, pale kilipokuwa kimesimama, na wewe umekaa nje unanoa patasi ambayo haikuwa na shida ya kunolewa. Alisema, "Umeniuza na mwanangu mgongoni," akaingia jikoni kupika ulichonunua.

Maneno hayo hayakutoka tena nyumbani mwetu. Ulipoomba chai, mama alisema mtu aliyemuuza na mwanaye mgongoni ana shida gani na chai. Ulipochelewa msikitini, huenda umekwenda kutafuta wa kumnunua tena. Nasi tulicheka, nawe ulicheka. Ila kuna siku hukucheka. Ulisema, "Nitakuchongea mwingine," na kwa jinsi ulivyolisema mama hakukutania tena siku ile. Gogo lingine halikupatikana, kisha mkono wako ukaanza kutetemeka, kisha ukatuacha, tukakulaza chini ya mikorosho. Deni lile hukulisahau, nalijua hilo, na mama hakuacha kulitaja kila chai, hata baada yako.

Sasa sikiliza. Mwaka jana walimu tulipelekwa semina Morogoro. Safari ndefu, miguu imevimba, tukafikia nyumba moja ya wageni karibu na stendi, na pale mapokezi, kwenye kona, nyuma ya chungu cha maua ya plastiki, alikuwa amesimama mama. Sikumtambua kwa uso, nakwambia kweli. Niliinama kuokota kitambulisho kilichoniponyoka, nikakutana na mguu wangu. Kidole kimempanda mwenzake. Nikavua kiatu palepale nikalinganisha, na wenzangu wakadhani nimeanza kuumwa.

Msichana wa mapokezi alikuwa na adabu zake. Nilimwomba tukigeuze kidogo.

"Samahani dada, hicho hakisogei. Kimegandishwa kwa saruji."

"Nataka kuona nyuma tu."

"Nyuma si ni ukuta? Hakuna kitu nyuma, dada."

Nilimwambia nyuma nipo mimi. Akacheka kwa huruma, akaniuliza kama nimekula. Nilijaribu kupenyeza simu kati ya kinyago na ukuta, haikupita. Nilipapasa kwa vidole nikagusa kitu cha mviringo, labda kichwa changu, labda saruji. Nikaishia kupiga picha ya mbele, moja, simu ikiwa karibu kuzima.

Huku nyumbani nilidhani kazi imekwisha. Nikampa mama simu. Akaisogeza puani, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Mbona umenipigia picha kiza?"

Na kweli, baba. Mpingo mweusi, kona nyeusi, na taa ya simu imepiga shavu moja limekuwa jeupe tupu. Mimi niliona kwa sababu nilikuwa nakijua. Issa, huyu mdogo wangu aliye Dar, nilipomweleza kwa simu alisema, "Sista, si uprinti tu kubwa? Mambo ya kujitesa ya nini?" Nikaenda Lindi mjini wakaitoa kubwa, kwenye karatasi ya kung'aa. Mama akaikagua kwa muda, akaigeuza akatazama nyuma, akaigeuza tena.

"Hiki ni chungu," akasema. "Chungu kizuri."

Nilitaka kucheka lakini yeye hakuwa anacheka. Aliiweka mapajani, akasema taratibu, "Nataka nijione vile alivyonichonga, kabla." Hakumalizia. Kabla ya nini sikuuliza, maana wiki ile alikuwa ameniuliza kwa nini nafunga madirisha mchana, na madirisha yalikuwa wazi.

Basi nikaamua kuchora. Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka, kwamba mimi nachonga karatasi kwa sababu naogopa tezo. Nilichukua rula nikaichora ile picha miraba, nikachora miraba mikubwa zaidi kwenye karatasi ya manila, nikawa nahamisha mraba mmoja mmoja, kama ninavyowafundisha watoto kuchora ramani. Mkaa niliutengeneza mwenyewe, vijiti nilivyochoma ndani ya kopo. Nilifanya kazi kila nilipopata nafasi baada ya madaftari. Niliweka vivuli, nikasugua kwa kidole, nikang'arisha goti, nikajisifu. Nikaitundika ukutani, kinyago kinamfikia mtu kifuani, nikamshika mama mkono nikamsimamisha mbele yake.

"Huyu nani mwenye goti kubwa hivi?"

Nilikuwa nimesahau tundu la kitasa. Niliikuza ile picha nikidhani nasaidia macho yake, kumbe kadiri ninavyokuza ndivyo anavyoona kipande kidogo zaidi. Alitafuta uso wake ukutani, akaenda juu, akapotea, akashuka, akarudi kwenye goti. Nilimrudisha kitini. Nilienda kukaa nyuma ya jiko nikalia, na sikulia kwa sababu ya goti peke yake. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeamka mapema na bado kulikuwa na vyombo.

Ile manila ilikaa imekunjwa juu ya kabati. Siku zikapita. Sikutaka kuiona penseli. Kilichonirudisha ni mama mwenyewe. Alikuwa mkekani anabangua karanga, hilo halihitaji macho, nami nikajikuta namtazama shavu. Zile chale mbili bado zipo, zimezama ndani ya makunyanzi, ukijua pa kutazama unaziona.

"Usinitazame hivyo," alisema. Alijuaje, sijui.

"Nakutazamaje?"

"Kama baba yako alipokuwa na lile gogo."

Nikaleta karatasi ya manila iliyokatwa, ukubwa wa daftari la mwanafunzi na si zaidi, ili yote iingie kwenye kile kitundu chake. Safari hii niliacha vivuli. Nilichora mistari tu, minene, kwa penseli laini nyeusi, na penye weusi wa mpingo nikaacha karatasi nyeupe. Ni kinyume cha kinyago, najua, ungenifokea. Ila mama weusi juu ya weusi hauoni. Mbeleko peke yake ndiyo niliyoijaza rangi ya penseli, na kwa namna hiyo iliyokuwa nyeupe ikawa nyeusi, ili apate pa kuanzia.

Lile shavu lililoliwa na taa ya simu nililichukua kwake. Nilimchora yeye wa leo, nikafuta makunyanzi, nikabakiza chale. Mdomo ulinisumbua. Kwenye picha mdomo umefungwa, lakini una kitu pembeni, kama mtu aliyemaliza kusema neno la kejeli sasa hivi. Nilifuta mpaka karatasi ikaota manyoya. Nikamuuliza mama siku ile alikuwa anakwambia nini.

"Nilikuwa namwambia ugali utaungua."

Nikaupata mdomo.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala, mwanga mzuri umeingia mlangoni. Nilimpa bila kumwambia ni nini. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza polepole mpaka ikakaa sawa kwenye kitundu. Nilisimama pembeni na chupa ya matone mkononi, kama mfanyakazi anayesubiri kufukuzwa.

"Mbeleko," akasema. Kisha, "Fundo hili." Kisha kidole chake kikapanda taratibu mpaka shavuni, kikagusa kwenye karatasi, kikagusa kwenye uso wake. Kidole kikashuka kiunoni, kikatafuta, kikafika kwenye mguu wa kushoto, na hapo akacheka kile kicheko chake cha zamani cha puani. "Kidole hiki. Baba yako alisema ukikua kitajinyoosha."

Hakijanyooka, baba.

Halafu akafanya kile ambacho yeyote wa nyumba hii angekifanya. Akaigeuza karatasi atazame nyuma.

Nyuma hakukuwa na kitu. Ilikuwa karatasi. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaipekua pembe hadi pembe na kale kajicho kake, nami nikaona uso wake unaanza kushuka, nikajua anadhani uoni umemkimbia palepale akiwa ameshika.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mama, hiyo ni karatasi."

"Najua ni karatasi. Mtoto yuko wapi?"

Nikamweleza habari za ukuta wa Morogoro na saruji na simu isiyopita. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila masihara hata kidogo, "Yaani umenirudisha mimi, yeye umemwacha huko."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Sikuwa na picha ya nyuma, wala sijawahi kuona mgongo huo kwa akili ninayoweza kuikumbuka. Nikaichukua karatasi nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, upande mtupu ukinitazama, jua likapita, na umbo la mama likaonekana kwa nyuma, mabega, kiuno, nyonga, kama vile hatimaye nimezunguka ile kona. Nikafuatisha mzingo wake kwa mistari hafifu. Kisha nikaketi mkekani karibu yake.

"Haya niambie. Kichwa kimelala upande gani?"

"Kulia. Shavu la kulia limegandamizwa hapa." Akajigusa katikati ya mabega, mkono haukufika vizuri, nikaumalizia mimi. "Mdomo wazi. Ulikuwa unanimwagia udenda mgongo mzima, naye akauchonga, mjinga yule, mfereji mdogo hivi."

"Na mkono?"

"Mmoja ndani ya mbeleko. Mwingine umetoka, umeshika ukingo wa kitambaa. Ngumi. Ulikuwa huachii."

Nilichora anachosema. Alikuwa ameshika mguu wangu wakati nachora, sijui kwa nini, labda alitaka kuhakikisha nachora mtu sahihi. Nywele zangu ulizifanya vidoti, alisema, kwa ncha ya msumari. Nikafanya vidoti. Karatasi ilikuwa juu ya khanga iliyokunjwa na mkono wangu mzito kwa uchovu, nikawa nabonyeza penseli kuliko inavyohitajika, hata nilipokoleza ule mzingo. Nilipomaliza nikaona nimeharibu. Mistari ya nyuma ilikuwa imeumuka kwa mbele, imevimba kwenye mzingo wote wa mama, juu ya ile kazi safi niliyoihangaikia.

Nilimpa nikimwomba radhi. Hakuitazama. Alifumba macho kwanza, akapitisha kidole pale palipovimba, begani, kiunoni, akashuka mpaka nyonga, akazunguka, akarudi. Akageuza, akafungua macho, akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Huyu hapa," akasema. "Amelala."

Tangu siku ile karatasi inakaa chini ya mto wake. Imechafuka kwa mafuta ya nazi na vidole, na pembe moja ina doa la matone. Huitazama mbele, huigeuza, huigeuza tena. Siku za kiza kizito huipapasa tu, na anajua alipo. Kazi zangu hazikupungua hata moja, usidhani. Jana amenigombeza kuhusu chumvi. Lakini ule usemi wake, kwamba ulimuuza na mwanaye mgongoni, sijausikia tena, na nimekuwa nikiusubiri kila chai.

Jana jioni ndipo aliponiambia, "Mwandikie baba yako. Mwambie tumerudi. Wote wawili."

Nikamkumbusha hukujua kusoma.

"Basi iandike wazi," akasema. "Wenye kusoma watamsomea."

Ndiyo hii, baba. Lala salama huko kwenye mikorosho yako, mimi narudi kwenye matone.

Mwanao,
yule wa mgongoni